Tundu la Sanduku la Umeme Halitobolewi kwa Tindo

Mashine ya kusaga nafaka Bunda, karasha la kuvunjia mawe ya dhahabu Buhemba wilayani Butiama, na pampu ya kumwagilia bustani kando ya ziwa nje ya Musoma ni mitambo ya kazi tofauti, lakini inapoendeshwa kwa mota ya fezi tatu huwa na kitu kimoja kinachofanana: sanduku la chuma ukutani, lenye swichi, kontakta na vitufe vya kuwashia na kuzimia. Ndani ya sanduku hilo kuna volti 400 kati ya fezi na fezi. Nje yake kuna mtu mwenye mikono iliyolowa maji au iliyojaa unga. Kinachowatenganisha ni bati la unene wa milimita moja na nusu hivi, na bati hilo halina budi kutobolewa ili kebo ziingie. Namna linavyotobolewa ndiyo inayoamua kama sanduku litaendelea kuwa kinga au litabaki na jina tu. Nashikilia kwamba chombo kinachostahili kazi hiyo ni panchi ya kutobolea masanduku, na kwamba fundi anayehudumia mota hapaswi kuihesabu kuwa anasa.

Fundi asiye na panchi huchora duara kwa penseli, hulizungushia vitundu vya drili, kisha hupiga tindo mpaka kipande cha kati kidondoke. Mwingine huchukua grenda, akakata msalaba na kuzikunja pembe nne kwa ndani. Tundu linalopatikana huwa na meno kama ya msumeno, tena ni pana kuliko glendi, yaani ile nati inayoikaba kebo inapoingia. Siku ya kwanza mashine huwaka vizuri, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mota ikizunguka hutetemeka, kebo hutetemeka nayo, na jino lile huanza kulila gamba la plastiki kidogo kidogo. Siku gamba likitoboka, waya wa moto hugusa bati na sanduku zima huwa na umeme. Kama waya wa ethi ni mzima, fyuzi hukatika na mashine husimama. Ethi ikiwa imeoza au haikufungwa, hakuna kinachokatika. Sanduku hubaki na moto wake likimsubiri atakayeshika mlango. Mapigo ya tindo nayo hulipinda bati, mpira wa mlango ukashindwa kukaa sawasawa, na vumbi la chuma la grenda hutua juu ya kontakta, ambako chembe chache zinatosha kuleta shoti.

Pengo linalobaki kandokando ya kebo lina madhara yake pia. Kanuni za Uingereza za kufunga umeme, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamefundishwa kwazo, zinataka kwa kawaida sanduku lisiruhusu kitu kama kidole, chenye kipenyo cha milimita 12.5, kufikia sehemu yenye moto. Kwa upande wa juu ambao mtu anaufikia kwa urahisi, kipimo hushuka hadi milimita moja, kwa sababu vitu hudondokea juu. Anayeishi Mara haoni ugumu kuelewa sababu. Vijidudu vya ziwani, vinavyoinuka juu ya maji kama moshi, hufuata taa usiku na kujaa kwenye kila upenyo. Mjusi hutafuta joto la kontakta na hulala baina ya fezi mbili. Kwenye kinu cha kusaga, unga mwepesi huingia, hunyonya unyevu, na hugeuka utando unaoweza kupitisha umeme. Bunda ni nchi ya pamba, na penye kazi ya kuchambua pamba nyuzi hupeperuka. Zikirundikana karibu na cheche hushika moto haraka sana.

Panchi ni kitu chepesi kukielewa. Ina sehemu tatu: dume lenye makali, jike lenye umbo la kikombe, na bolti ya chuma kigumu inayoviunganisha. Fundi hupiga alama katikati ya mahali pa tundu, hutoboa kwa drili kitundu kinachotosha kupitisha bolti, hupitisha bolti kwenye jike kwa nje, kisha hulizungushia dume kwa ndani. Halafu huanza kukaza kwa spana. Dume huvutwa kuelekea jike, meno yake hugusa bati kwanza sehemu mbili, huliuma, na makali yaliyoinama huendelea kukata kuzunguka duara. Spana huwa nzito, nzito zaidi, halafu ghafla hulegea: bati limekatika, na kisahani chake kimebaki ndani ya kikombe. Kukata kwa mkupuo mmoja tundu la milimita 25 kwenye chuma laini cha milimita 1.5 kungetaka nguvu ya karibu tani tatu na nusu. Meno yanayokata kwa zamu hupunguza mzigo huo, na bolti huugeuza kuwa kazi ya mkono mmoja, mradi imepakwa grisi. Kwa matundu makubwa kuna panchi za pampu ya mafuta, ambazo mkono hupampu na mafuta ndiyo yanayovuta.

Kosa linaloharibu faida yote hiyo ni la vipimo. Seti nyingi zimetengenezwa kwa mabomba ya Marekani, na panchi iliyoandikwa nusu inchi haitoboi nusu inchi. Hutoboa milimita 22.5 hivi, kwa sababu jina hilo ni la bomba na si la tundu. Glendi ya milimita 20 ikiwekwa hapo hucheza, na fundi hurudi palepale pa tindo. Ajabu ni kwamba tundu hilohilo la 22.5 ndilo hasa linalotakiwa na vitufe vya kuwashia na kuzimia vya kipimo cha 22. Kwa hiyo kabla ya kununua, pima dume lenyewe kwa kalipa, usiamini maandishi ya kisanduku.

Panchi ina sababu nyingine ambayo hutajwa mara chache. Mota kubwa ikiunganishwa kwa nyaya za mmojammoja, fundi asiyeweza kutoboa tundu pana hupitisha kila fezi kwenye kitundu chake. Umeme wa waya mmoja huzungushia chuma usumaku unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na bati lililo baina ya vitundu huchemka, wakati mwingine mpaka rangi inabanduka. Fezi zote zikipita kwenye tundu moja, usumaku wao hufutana. Tundu moja safi la milimita 40 halipatikani kwa drili ya kawaida, lakini kwa panchi ni kazi ya dakika chache.

Wapo watakaosema masanduku huja na matundu yaliyokatwa nusu kiwandani, ya kugonga tu. Ni kweli, na pale yanapofaa yatumike. Lakini mengi ni ya kipimo kimoja, na masanduku yanayochomelewa mtaani hayana kabisa. Wengine watataja drili ya ngazi. Nakubali kwamba kwa bati jembamba, tundu dogo na sanduku tupu lililo mezani, drili hiyo inatosha. Tatizo ni sanduku lililokwisha kufungwa vifaa, kwa sababu drili humwaga vinyweleo vya chuma ndani, huku panchi ikiacha vile vya kitundu cha bolti tu, ambavyo tambara huvizuia. Kwa vyovyote vile, umeme uzimwe kwanza. Pingamizi zito ni bei, na siwezi kulipuuza. Hata hivyo panchi hailiki haraka ikitumika kwa chuma laini cha unene wake na kuepushwa na chuma kisichoshika kutu, na mafundi watatu wa mji mmoja wanaweza kuchangishana seti moja. Chuo cha VETA kilichopo Musoma ni mahali pazuri pa kijana kuizoea kabla hajaenda mitaani.

Baada ya kutoboa, ukingo hupigwa tupa, hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na pale nati ya glendi ya chuma inapokaa rangi hukwanguliwa ili ethi ishike. Nawe mwenye mashine, huna haja ya kufungua mlango kukagua. Simama mbele ya sanduku usiliguse, uangalie kila mahali kebo inapoingia: kama unaona giza baina ya kebo na bati, zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA, kisha umuulize atatoboa kwa kutumia nini.