Je, Wajua? Vidole Viwili vya Mwenda
Je, wajua kwamba Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili, alilicharaza gitaa lake kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na shahada? Mwanafunzi atamaniye ustadi huo, baada ya kustahimili maumivu ya ncha za vidole vya kushoto hata zikafanya sugu (na hapo ndipo wengi wakatapo tamaa), aghalabu huukimbilia wimbo mzima. Ilhali lililo bora ni kukirudia taratibu, kila siku japo kwa robo saa, kile kipande kimoja kimtatizacho, gumba likishika sauti za chini bila kuyumba, ndipo aongeze mwendo.