Cha kuwashia mkaa

Alfajiri, kabla harufu ya chai haijatoka, nyumba nyingi za kupanga uswahilini Dar es Salaam hunuka plastiki. Mtu amepanga mkaa jikoni, akachomeka kipande cha dumu lililopasuka, akapiga kiberiti. Matone ya moto yanadondoka yakilia, moshi mweusi unapanda, mfuniko wa ndoo unaanza kupepea. Mvua ikinyesha, jiko huingizwa koridoni, na moshi ule hugawiwa vyumba vyote bila nyongeza ya kodi.

Tukitaja hewa chafu, vidole huelekea kwenye malori na viwanda. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 200,000 wa chini ya miaka 5.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Madumu, chupa na vifungashio vimebaki, na vingi huishia motoni. Plastiki ikiungua kwenye jiko hutoa masizi na gesi zenye sumu. Mabaki ya mabomba na nyaya ndiyo mabaya zaidi, kwani huweza kuzalisha sumu kali ziitwazo dioksini. Badala ya plastiki, vifuu na makumbi makavu ya nazi huwasha mkaa vizuri, na ukanda wa Pwani hauna uhaba navyo.

Moshi ukikata, wengi huona hatari imepita, wakaingiza jiko ndani. Hapo ndipo penye mtego. Mkaa uliokolea hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala nayo wasiamke. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata usiku wa baridi.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imeshaingia majumbani, ila mara nyingi ni ya chai na mayai. Maharage bado ni ya mkaa, kwa sababu hukaa motoni muda mrefu na mama anauhurumia mtungi.

Basi tuanzie kwenye maharage. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria, na yakikaribia kuiva ipua, uizungushie mablanketi ndani ya kapu. Joto lake litamalizia kazi. Kama umetumia mkaa, uliobaki uzime kwenye debe lenye mfuniko, uwake tena kesho. Tanuru la kienyeji huweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, hivyo kila konzi inayobaki debeni ina mti nyuma yake.

Na jirani akija kuomba kipande cha dumu, mpe kifuu.