Nyumba ya Askari: Gharama Hupunguzwa Juu, Haipunguzwi Chini

Nyumba ya kambini ni mali ya Serikali. Awe anaishi katika nyumba ya matofali, ama katika kile kibanda cha mabati ambacho wenzetu wa Polisi wamekipa kwa mzaha jina la "mama ingia pole", askari hukaa humo kwa sababu yumo kazini. Siku atakapostaafu, ama siku Mungu atakapomwita, ufunguo hurudishwa, na mkewe na watoto hawana budi kuwa na mahali pengine pa kwenda. Kwa hiyo kwetu sisi tuvaao sare, kujenga si jambo la fahari. Ni sehemu ya wajibu wetu kwa jamaa zetu.

Hata hivyo, ni jambo la kawaida hapa Uganda kuona msingi mpana uliomea nyasi, au kuta zilizosimama miaka mingi bila paa huku mvua ikizila. Mara nyingi mwenye jengo ni mtumishi aliye mbali, naye hakukosa bidii wala fedha. Tangu Machi 2007, vijana wetu walipoanza kutumikia ulinzi wa amani katika Somalia, wengi wamerudi nyumbani na posho ambayo ingetosha nyumba ya kiasi. Kinachopungua ni mpango wa kuitumia.

Mpango huo una kanuni moja. Katika nyumba kuna vitu ambavyo mtu anaweza kuvibadilisha baadaye, na kuna vitu ambavyo akisha kuvifanya, amevifanya. Rangi, dari, vigae, milango ya ndani na makabati vyaweza kungoja hata miaka kumi. Kiwanja, ramani, msingi na zege havingoji wala havirudiwi. Anayetaka kupunguza gharama na apunguze katika vile vya kwanza. Akipunguza katika hivi vya pili, atalipa mara mbili.

Kwanza, kiwanja. Hakuna kamanda apelekaye kikosi mahali ambapo hapajapelelezwa, na fedha za miaka mingi zastahili tahadhari hiyo hiyo. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: ya kimila, ya milki huru, ya mailo na ya kukodi kwa muda. Katika Buganda, mahali ambapo askari wengi hununua, mara nyingi kiwanja kimoja huwa na watu wawili wenye haki: mwenye hati ya mailo na mwenye kibanja. Anayetaka kuuza kibanja yapasa kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Askari anunuaye kibanja bila kujua mwenye hati ni nani amenunua kesi. Basi aende katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, aombe upekuzi wa hati kwa maandishi, kisha amlete mpima ardhi ahakikishe mipaka. Awaulize pia majirani na mwenyekiti wa kijiji, kwa kuwa wao huyajua mambo ambayo hayamo katika hati.

Isitoshe, Sheria ya Ardhi ya 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza kuuza ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Ikiwa muuzaji ana mke, naye hayupo siku ya kutia sahihi, fedha na zibaki mfukoni.

Kuna na hatari ya kiwanja cha bei nafuu kilicho karibu na maji. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ufuoni mwa maziwa makubwa, na mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa. Mwezi Juni 2024, nyumba zilizojengwa katika kinamasi cha Lubigi, kando ya Kampala, zilibomolewa kwa amri ya mamlaka ya mazingira. Na hata pale ambapo Serikali haijafika, maji hufika: Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita kiwango cha mwaka 1964, na watu wengi wa ufuoni wakahama makwao. Urahisi wa namna hiyo ni ghali.

Pili, ramani. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013, anayejenga hana budi kupata kibali kutoka kwa mamlaka ya eneo lake, na ramani iliyochorwa na mtu mwenye ujuzi. Wengine huona hiyo kuwa gharama ya bure, lakini ramani njema hujilipa yenyewe. Chukua mfano mwepesi. Nyumba ya mita 9 kwa 9 ina eneo la mita za mraba 81, na kuta zake za nje ni mita 36. Nyumba ya mita 18 kwa 4 na nusu ina eneo lile lile, lakini kuta zake ni mita 45. Yaani mwenye nyumba ya pili ameongeza robo nzima ya ukuta wa nje, pamoja na msingi wake na plasta yake, bila kupata hata nafasi ya kuweka kiti kimoja zaidi. Kila kona inayoongezwa kwa ajili ya urembo nayo huongeza kazi ya fundi na kuchanganya paa. Jiko, bafu na choo vikipangwa kupakana, mabomba huwa mafupi.

Ramani ikisha kukubaliwa, isiguswe tena. Dirisha linalosogezwa katika karatasi halina gharama. Dirisha linalosogezwa ukutani hulipiwa mara tatu: kujenga, kubomoa na kujenga tena.

Tatu, msingi. Udongo haufanani nchi nzima. Katika sehemu za Karamoja kuna udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta uliowekwa juu yake bila kuchimba hadi penye ardhi imara utapasuka pamoja nao. Katika Tooro na nchi za Rwenzori, matetemeko ya mwaka 1966 na 1994 yalibomoa majumba mengi, hivyo mkanda wa zege wenye nondo, uzungukao kuta zote juu ya milango na madirisha, usionwe kuwa anasa. Popote pale, nailoni nzito ya kuzuia unyevu na iwekwe kabla ya kuta kupanda, kwa maana haiwezi kuwekwa baadaye.

Zege la kawaida la nguvu huchanganywa kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Fundi mvivu hupenda kuongeza maji ili lisukumike kwa urahisi. Maji yakizidi, nguvu hupungua. Zege likisha kumwagwa, limwagiliwe kwa siku 7 angalau. Kazi hiyo haihitaji fedha, inahitaji mtu wa kuifanya asubuhi na jioni.

Nne, usimamizi. Sisi hujenga tukiwa mbali, na hilo ndilo pengo ambamo fedha nyingi hupotea. Dawa yake si kumtilia shaka kila ndugu, bali ni kuandika. Mapatano na fundi yawe katika karatasi, mbele ya mashahidi, na malipo yagawanywe kwa hatua: msingi, linta, mkanda, paa, plasta. Hatua isiyokaguliwa isilipwe, na sehemu ya kumi ya malipo ya paa izuiliwe hadi mvua kubwa ya kwanza ipite. Nyumbani kuwe na daftari la vitu vilivyoingia na vilivyotumika, na mifuko mitupu ya saruji ihifadhiwe ili ihesabiwe. Mara nyingi mke ndiye msimamizi bora, kwa sababu yeye ndiye atakayelala humo. Basi apewe ramani na mamlaka, asipewe lawama tu.

Tano, akiba. Askari anayeweka shilingi 150,000 kila mwezi huwa na 1,800,000 kwa mwaka, na katika miaka mitano huwa na 9,000,000 kabla ya faida. Vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, viko kwa kazi hiyo. Mkopo uchukuliwe kwa hatua inayoweza kumalizika, usichukuliwe kwa kuanza. Akiba ya vifaa nayo ni njema kwa mawe, matofali na mchanga, lakini saruji isinunuliwe mapema, kwani ikikaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupungua nguvu.

Heri vyumba viwili vyenye paa, katika ramani inayoruhusu kuongeza vingine, kuliko vyumba saba visivyo na bati. Vyumba viwili huhamiwa. Paa lake likiwa na mita za mraba 50, mvua ya milimita 10 itajaza mapipa kwa lita 500 hivi. Hapo mama ameokoa safari za kisimani, na nyumba imeanza kumtumikia mwenyewe.

Tunawahimiza wenzetu wa vyeo vyote, na hasa vijana waliotoka mafunzoni juzi, waanze mapema na waanze chini. Dari yaweza kungoja, na rangi yaweza kungoja. Kwa mjane na yatima, dari isiyokuwapo si msiba. Msiba ni mgeni abishaye hodi na hati halali ya kiwanja mkononi, wakati aliyekinunua hayupo tena wa kujibu.