Vasha Si Sherehe Pekee: Siri ya Safari Rally Iko Chini ya Gari

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, stori mtaani ni moja: nani anaenda Vasha, kwa ndai ya nani, na nyama itachomwa wapi. Sawa, raha ni haki yetu. Lakini uliza mbogi nzima kwa nini gari moja linapita kwenye mawe likiwa zima na lingine linabaki gurudumu limelala upande. Wengi watakwambia ni injini. Zii. Naivasha huamuliwa na springi na shokabsoba.

Kumbuka 2021, mwaka Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Thierry Neuville wa Hyundai aliamka Jumapili akiwa anaongoza. Kwenye steji ya Loldia, shokabsoba ya nyuma ikavunjika, ushindi ukaenda nayo. Sébastien Ogier wa Toyota akabeba kombe.

Sasa tuingie chini ya gari. Springi hubeba uzito. Gurudumu likigonga shimo, springi hujikunja kisha inataka kuruka irudi. Ikiachwa peke yake, gari litadunda kama mpira. Kazi ya shokabsoba ni kutuliza huo mdundo: ndani kuna pistoni inayosukuma oili kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Ndiyo maana mawe mfululizo yanaweza kuichemsha. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, shokabsoba inalegea, na dereva anabaki akipigana na usukani.

Mafundi wa rali hufanyaje? Kwanza, huinua gari ili tumbo lisisuguane na mawe, na chini ya injini hufunga bamba nene. Pili, hulegeza springi kiasi ili tairi ifuate mashimo badala ya kuyaruka. Tairi iliyo hewani haivuti wala haisaidii breki. Tatu, hulegeza ile fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ili kila moja lipande jiwe lake bila kulisumbua lenzake.

Lakini kila kitu kina bei yake. Gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona. Springi laini kupita kiasi hufika mwisho, chuma kikagonga chuma. Halafu kuna lile vumbi laini kama unga, fesh-fesh, linaloficha mawe. Mvua ikinyesha, njia hiyo hiyo inageuka sabuni. Setingi iliyobamba asubuhi inaweza kukuangusha mchana.

Hapa ndipo inatuhusu. Mtaani, fasheni ni kushusha ndai. Msee akikosa doh ya springi fupi, anamwambia fundi akate zile za kampuni kwa grinda. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Shokabsoba inafanya kazi ikiwa imebanwa, inakufa mapema. Tairi nazo zinalika upande mmoja. Kisha unabeba wasee wanne na mizigo, unateremka Mai Mahiu usiku. Ule mteremko hauna mchezo.

Kabla ya kutoka, fanya hivi. Bonyeza kila kona ya gari kwa nguvu, halafu achilia. Ikiendelea kudunda mara mbili tatu, shokabsoba imechoka. Chungulia kama imelowa oili. Pitisha mkono juu ya tairi: ukisikia mabonde na vilima, mwone fundi. Ukibadilisha, badilisha kushoto na kulia pamoja. Na ukienda Grogan kutafuta ya mtumba, usidanganywe na rangi mpya. Isukume na uivute: iwe nzito mwendo mzima, bila kulegea katikati. Ikilegea, rudisha.

Mwaka ujao ukiwa Vasha, simama mahali pa watazamaji, mbali na njia, na usitazame rangi ya gari. Tazama magurudumu. Kwa gari lililosetiwa vizuri, magurudumu yanacheza juu chini kama wazimu huku bodi imetulia. Ukiliona la namna hiyo, hilo ndilo la kumwekea soda rafiki yako.