Mgongano wa Imani katika Kazi za Kutisha

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu maudhui haya usiorodheshe majini na mashetani tu, kama anayesimulia filamu ya kibanda cha video pale Kayole. Eleza nani anaamini nini, na imani hiyo inamsukuma kutenda nini.

(a) Filamu: The Wicker Man (1973)
Howie, polisi Mkristo, anafika kisiwani Summerisle kumtafuta msichana anayedaiwa kupotea. Wenyeji wanaabudu miungu ya kale, na matufaha yao yamekosa kuzaa. Wanamteketeza akiwa hai, awe kafara. Yeye anasali, wao wanaimba. Hakuna jini, kinachotisha ni kwamba kila upande una hakika.

(b) Riwaya: Mzimu wa Watu wa Kale (1960)
Katika riwaya hii ya Muhammed Said Abdulla, maiti inapatikana mahali pa mzimu, Unguja. Watu wanaogopa mzimu. Bwana Msa anachunguza na kufichua mkono wa binadamu. Hapa imani ni pazia la mhalifu.

(c) Uhusiano na jamii
Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mara nyingine chanzo halisi ni ugomvi wa shamba. Kwa hivyo uliza: nani anafaidika na hofu hii?

Kidokezo: Kila hoja iwe na imani, tukio na athari. Hoja isiyo na tukio haijathibitishwa.