Dai umelifuta, faili limebaki

Mvua za Machi zikianza, upande wa Kapseret hakuna anayeuliza kama mawe yataanguka. Watu huuliza yataanguka kwa nani. Kuanzia Simat hadi Ngeria, kutoka Kipkenyo hadi Langas, mabati hubonyea, gata hung'oka na maji hupenya hadi kwenye siling. Kwa wengi jambo hilo huishia kwa fundi. Wachache walio na bima ya nyumba hupiga simu ya pili, ile ya wakala, na simu hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote.

Ni wachache kweli. Ada zote za bima Kenya hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa, na sehemu kubwa yake ni ya magari na matibabu. Mikopo ya nyumba katika mabenki ya nchi nzima ni kama 30,000 tu. Hapa kwetu, anayekata bima ya nyumba mara nyingi ni aliyelazimishwa na benki au sacco kabla ya kupewa mkopo, au mtoto wa nyumbani aliye ng'ambo aliyejenga na kumwachia shamba boi funguo. Ndiyo maana hati husainiwa ikafungiwa kabatini, na kusomwa siku paa linapovuja.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Jengo amelikatia bima ya Sh6 milioni, vyombo vya ndani Sh800,000. Tuseme anatozwa asilimia 0.2 kwa jengo na asilimia 1 kwa vyombo: Sh12,000 na Sh8,000. Juu ya hiyo Sh20,000 kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa asilimia 0.25 kwa hazina ya kufidia wenye bima, na stempu ya Sh40. Analipa Sh20,130 kwa mwaka.

Mawe yanapiga. Fundi anapanda ngazi, anakagua, anashuka na bei: Sh14,000, gata na siling ya chumba kimoja. Mwenye nyumba anampigia wakala, na wakala, kwa nia njema kabisa, anaripoti kwa kampuni siku hiyohiyo. Jioni hati inatolewa kabatini, na ndipo inapoonekana kwamba ekses ni Sh10,000. Yaani hizo za kwanza ni za mwenye nyumba, na kampuni itatoa Sh4,000. "Mzee, tuachane nayo tu," wakala anashauri. Dai linafutwa, fundi analipwa kwa M-Pesa. Mwaka unazunguka, barua ya kuhuisha bima inakuja, ada imepanda.

Hasira yake naielewa. Hakulipwa hata senti. Lakini ofisini mambo hayakuishia pale alipodhani yameishia.

Kampuni ikipokea taarifa ya hasara hufungua faili, hulipatia namba, kisha hukisia dai litakula kiasi gani na kutenga fedha hizo vitabuni. Makisio ya mwanzo hufanywa mezani, mara nyingi kabla mtu yeyote hajaliona paa lenyewe. Dai likifutwa, kuna karani anayepaswa kufunga faili na kurudisha akiba ile kuwa sufuri. Asipofanya hivyo, mfumo unaendelea kuonyesha kwamba nyumba ile ina dai la, tuseme, Sh50,000. Anayepanga bei ya mwaka ujao yuko Nairobi, hajawahi kufika Kapseret, na anachosoma ni tarakimu. Hata akiba ikifutwa, kama asesa, yaani mkaguzi wa hasara, alikuwa ametumwa, ada yake imekwishatoka mfukoni mwa kampuni.

Halafu kuna macho ya asesa. Ameitwa kuangalia gata, lakini haangalii gata peke yake. Anaona chumba cha mbele kimekuwa duka lenye mitungi ya gesi. Anaona vyumba vinne vya kupangisha vilivyoongezwa nyuma bila kampuni kuambiwa. Au anakuta nyumba ya mtu wa ng'ambo haina mtu tangu Januari, wakati hati nyingi huondoa ulinzi wa wizi nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30. Haya yote huingia kwenye ripoti, na ripoti haiondoki kwa sababu dai limeondoka.

Hapa, niseme wazi, mimi niko upande wa kampuni. Nyumba ikiwa na thamani ya Sh6 milioni ilhali umeikatia bima ya Sh3 milioni ili ada iwe nafuu, hasara ya Sh100,000 utalipwa nusu, tena kabla ya ekses kukatwa. Asesa akigundua hilo na ada ikapandishwa ili ilingane na thamani halisi, hujaadhibiwa kwa dai ulilofuta. Umeanza kulipia nyumba uliyonayo. Adhabu ni pale barua inapopandisha bei bila kugusa thamani, bila sababu, kwa faili lililopaswa kusoma sufuri.

Kisirani kikubwa zaidi ni kuripoti kitu ambacho hati hailindi hata kidogo. Baada ya vurugu za 2007 na 2008, wengi waliochomewa mali katika Bonde la Ufa waligundua kwamba hati zao za moto zilikuwa zimetenga ghasia za kisiasa, na leo ulinzi huo hununuliwa kama nyongeza. Uchakavu nao hauko: siling iliyooza kidogo kidogo kwa miaka mitano haiwi hasara ya mvua ya jana. Dai la namna hiyo hukataliwa au kufutwa, na alama yake hubaki kwenye faili.

Basi tunyamaze? Hapana, na hapo ndipo mtego ulipo. Karibu kila hati ina sharti kwamba tukio lolote linaloweza kuzaa dai liripotiwe mapema. Tangi lako likianguka kwenye ua wa jirani, ukamtuliza kwa maneno na usiseme popote, miezi mitatu baadaye akija na barua ya wakili kampuni itakuuliza ulikuwa wapi. Palipo na mtu mwingine aliyeumia au kuharibikiwa, ripoti, hata kama hasara yako ni ya Sh2,000. Palipo na gata lako mwenyewe, soma ekses kwanza. Na ukitaka ushauri, mwulize wakala swali la jumla: "Ekses yangu ya mvua ya mawe ni ngapi?" Ukimwambia paa limevunjika, unaweza kuwa umekwisha kuripoti.

Kwamba dai lililofutwa huacha alama, walio ng'ambo wanalijua kwa uchungu. Marekani kuna daftari la pamoja liitwalo CLUE, linaloendeshwa na LexisNexis, ambalo hutunza historia ya madai ya nyumba kwa miaka hadi 7, hata yaliyofungwa bila malipo. Uingereza wana CUE tangu 1994, ambalo huandika matukio na si malipo tu. Mtu aliyehamia Dallas akifuta dai la mawe kwa kampuni moja, kampuni ya pili itaona. Baadhi ya majimbo ya Marekani yamezuia swali tupu la mteja kuhesabiwa kama dai.

Huku kwetu, historia ya nyumba hukaa hasa kwenye faili la kampuni yako, na faili hilo unaweza kuliulizia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zilizokosewa zirekebishwe. Kwa hiyo ukifuta dai, usifute kwa simu. Andika barua pepe, taja namba ya dai, omba jibu linalosema faili limefungwa, malipo ni sufuri na akiba imeondolewa. Barua hiyo itafaa ada ikipanda, mbele ya kampuni na, ikibidi, mbele ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wateja.

Unaweza pia kuhama, maana bima ya nyumba ni mkataba wa mwaka mmoja. Ila fomu ya kampuni mpya itauliza kama umewahi kupata hasara. Soma swali vizuri: limeuliza hasara, halikuuliza malipo. Ukijibu "hapana", siku nyumba itakapoungua jibu hilo ndilo watakalolitafuta kwanza. Andika kwamba Aprili mawe yalivunja gata na siling, gharama Sh14,000, nilitengeneza mwenyewe, sikulipwa. Kisha ambatisha risiti ya fundi.