Mabaki ya Migodi kama Vifaa vya Ujenzi: Mipaka ya Uchumi Mzunguko Shinyanga na Geita

Uchumi mzunguko katika ujenzi ni utaratibu wa kurefusha maisha ya majengo na kurudisha mabaki katika matumizi, badala ya kutegemea malighafi mpya kila mara. Makala hii inafafanua utaratibu huo katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Hoja yake ni kwamba, kabla ya kuuliza iwapo mabaki yanafaa kutumika tena, sharti iulizwe yamepitia wapi kabla ya kumfikia fundi mwashi.

Haja ya vifaa mbadala ni ya dhati. Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, ilhali Shinyanga ndiko mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulikoanza mwaka 1986 ili kurejesha uoto, hasa kwa kufufua ngitili za Wasukuma.

Migodi ya dhahabu hutoa mabaki ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mawe yasiyo na dhahabu ya kutosha, yanayoondolewa ili kuufikia mwamba wenye dhahabu. Mawe haya yanaweza kuwa kokoto, mradi yapimwe kwanza: yakiwa na salfaidi, hukutana na maji na hewa yakazalisha asidi, nayo hudhoofisha zege na kutia nondo kutu.

Aina ya pili ni marudio, yaani mchanga laini unaobaki baada ya wachimbaji wadogo kusaga mawe kwenye karasha na kunasa dhahabu kwa zebaki. Marudio hayatupwi, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi, kwa kuwa bado yana dhahabu. Kiuchumi huo ni mzunguko kamili. Hata hivyo, sianidi huyeyusha pia zebaki iliyosalia na kuirahisishia kusafiri na maji. Mchanga huo ukitiwa kwenye plasta, sumu huhamia ukutani; ukifinyangwa tofali na kuchomwa, zebaki hutoka tanurini kama mvuke, na wa kwanza kuuvuta ni mchomaji.

Kwa hiyo, kurudisha kitu katika matumizi si sawa na kukisafisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inagusa taka hatarishi. Kinachohitajika katika soko la vifaa vya ujenzi ni kutenganisha mawe na marudio tangu machimboni, kupima kila shehena, na kumjulisha mnunuzi asili yake. Bila hatua hizo, nafuu ya bei hulipwa kwa afya ya wakaao ndani ya nyumba.